Kufuata Giza: Siku Sita na Kamera, Tabora hadi Kigoma

Nimesharudi Dodoma wiki ya tatu sasa na daftari la safari bado linanuka moshi na mawese. Kurasa mbili zimegandana kwa asali, kwa hiyo sehemu ya Tabora nimeijenga upya kwa kufuata saa zilizoandikwa kwenye picha.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Mwaka mzima namulika watu usoni. Ila Agosti ya 2025 niliikataa harusi ya Jumamosi tarehe 23 kwa sababu moja tu: siku hiyo mwezi ulikuwa unaandama, na usiku usio na mwezi ndio usiku wa kupiga nyota. Mama wa bibi harusi aliponiuliza nimepatwa na msiba gani, nilimjibu kwamba nina safari ya kufuata giza. Hajanisamehe mpaka leo.

Jumatano, Agosti 20: Dodoma hadi Tabora

Basi liliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nauli shilingi 25,000. Manyoni tulikunywa chai. Itigi nilinunua kuku wa kuchoma ambaye nilimtafuna mpaka taya zikauma. Baada ya hapo ni lami na msitu, msitu na lami, nikalala. Nilipoamka tukiikaribia Tabora, nyasi kando ya barabara zilikuwa zinaungua na hakuna aliyezishughulikia. Abiria wenzangu hawakugeuza hata shingo. Mimi moyo ulinishuka, maana moshi wa mchana ndio utando wa usiku.

Kwa wanaopenda kujua mzigo: Canon 600D ya mkononi, lenzi yake ya 18-55, lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, stendi, betri tatu, pawabenki, na tochi ya kichwani niliyoifunika kwa karatasi nyekundu ya pipi. Mwanga mwekundu hauyaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza. Mweupe ukikupiga, itabidi usubiri tena dakika ishirini au zaidi. Sikuwa na darubini, wala kile kifaa cha kuizungusha kamera polepole ili iende sambamba na nyota. Bei yake ni harusi nne.

Gesti karibu na stesheni, 20,000. Jioni nilitembea chini ya miembe, nikala ugali na mlenda, nikalala mapema.

Alhamisi, Agosti 21: Barabara ya Sikonge

Rafiki yangu ana mjomba anayefuga nyuki upande wa Sikonge, mwendo wa dakika arobaini kwa bodaboda (10,000 kwenda tu). Mjomba alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba anakuja kijana wa kamera, basi. Nilimkuta amevaa koti na viatu vimeng'arishwa, viti viwili vimepangwa chini ya mti, shangazi kajitanda kitenge kipya. Baada ya shikamoo zote sikuwa na ujasiri wa kusema nimefuata nyota. Kwa hiyo picha ya kwanza ya safari hii ni ya mjomba, wima kama askari wa gwaride, mzinga wa gogo mkono wa kuume. Nimeshamtumia, imesafishwa.

Nyota nilimweleza wakati wa chakula. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa unapiga huko juu, anayelipa ni nani?"

Saa mbili usiku giza lilikuwa limekamilika, na hapo nikaelewa kwa nini nililipa nauli. Njia Nyeupe, ule utepe mpana wa nyota, ilipita juu ya vichwa vyetu, na Nge, kundi la nyota lenye umbo lake, alikuwa karibu na utosi, mkia umejikunja vizuri. Wapigapicha wa Ulaya humwona chini kabisa kwenye upeo, nusu yake imemezwa na miti. Sisi wa digrii tano kusini ya ikweta tunawekewa mezani. Kusini-magharibi Salibu, zile nyota za msalaba, ilikuwa inashuka, na ukitaka kuipata mwezi wa Agosti iwahi kabla ya saa nne, maana inazama. Nyota pekee maarufu tusiyoipata kabisa ni ile ya ncha ya kaskazini, iko chini ya upeo wetu mwaka mzima.

Nilianza na fungunyota, yaani nyota zilizosongamana pamoja, lililo karibu na mwiba wa Nge. Kwa macho matupu ni doa la ukungu, na Ptolemaio, mtaalamu wa nyota wa kale, alishaliandika karne ya 2. Kwa lenzi ya 50 linapasuka na kuwa punje. Kisha Omega ya Kantarusi, ambayo kwa jicho ni nyota moja hafifu na kwenye picha ni kifundo cha pamba. Ndani ya kifundo hicho kuna nyota zinazokadiriwa kufika milioni 10. Nilimwonyesha mjomba kwenye kioo. Akasema kumbe ni kama kundi la nyuki lililotua.

Saa tatu nilipiga fremu tisini mfululizo za mkia wa Nge, nikiringa. Saa nne nikakuza moja kwenye kioo: kila nyota ilikuwa kitufe cha shati. Nilipokuwa nabadilisha betri niligusa pete ya fokasi, nikaendelea kupiga ukungu saa nzima. Hasara hiyo nimeifanya mwenyewe, sina wa kumlaumu.

*Kwa atakayekwenda:* alama ya "mbali kabisa" kwenye lenzi za bei nafuu inadanganya. Washa kioo, kuza nyota angavu, zungusha pete mpaka iwe nukta ndogo kuliko zote, kisha ibandike pete kwa plasta ya dawa. Muda wa kufungua shata upate hivi: chukua 500, gawanya kwa urefu wa lenzi, halafu gawanya tena kwa 1.6 kama kamera yako ina kihisi kidogo cha picha kama yangu. Lenzi ya 18 inakupa kama sekunde 17, ya 50 inakupa sita. Ukizidisha, dunia inazunguka na nyota inakuwa mchirizi. ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, niliweka 3200.

Karibu saa tano tochi nne zilitokea msituni. Sungusungu. Hawakuwa na fujo, lakini hawakuwa na mzaha pia. Mtu mzima, usiku wa manane, chuma chenye miguu mitatu kimeelekezwa porini: kwa Tabora tafsiri ni moja, huyu anapima mali ya Mjerumani. Usiwacheke. Ni mjini Tabora kweli Wajerumani walikopiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, mwaka 1916, vita ikiwa imewabana. Hadithi za masanduku yaliyozikwa hazijakoma tangu hapo. Mjomba alitoka na koti lake, akawasalimu mmoja mmoja kwa Kinyamwezi, na mimi nikawaita waje watazame kwenye kioo. Mkubwa wao alitazama kwa muda mrefu. "Hizi zote zipo pale?" Nikamwambia zipo. Akaangalia juu, akaangalia kioo, akaangalia juu tena, kisha akamwambia mwenzake azime tochi.

Walikaa mpaka Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kilipochomoza, karibu saa saba. Methali ya kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, niliijua kwa mtihani wa darasani tu. Mmoja wao aliitaja huku ananyoosha mkono kuonyesha chenyewe. Fremu sitini za sekunde sita nilizompigia Kilimia usiku ule ndizo zilizotoka vizuri kuliko zote za Tabora. Nilipoziunganisha nyumbani kwa Sequator, programu ya bure, buluu yake ilijitokeza yenyewe.

Sayari ya Zohali nayo nilipiga. Ni nukta. Mwaka huo wa 2025 pete zake zilikuwa zimelala ubavu kwetu, hata mwenye darubini alikuwa anaona mstari tu, kwa hiyo sikuumia sana.

*Tena kwa atakayekwenda:* ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji kabla jua halijazama. Mimi niliona uvivu. Bila mjomba, hiyo hadithi ingekuwa na mwisho mwingine.

Ijumaa, Agosti 22: Tabora, na treni

Shangazi alinifungia asali lita mbili kwenye dumu, akakataa hela. Dumu lilivuja kwenye begi kabla sijafika stesheni. Kamera ilikuwa begi lingine, Mungu ni mwema. Daftari halikuwa na bahati hiyo.

Tiketi ya kukaa, daraja la pili, haikufika elfu ishirini. Treni ilikuja imechelewa saa tatu na hakuna aliyeshangaa. Mama aliyekaa mbele yangu alifungua sufuria ya wali na maharage, akatoa vijiko viwili, akanipa kimoja bila hata kuniuliza jina. Nilipotaka kuchangia aliniambia, "Mwanangu, utachangia utakapokuwa na sufuria."

Jumamosi, Agosti 23: Kigoma

Maofisa walipita alfajiri wakiuliza vitambulisho. Njia hii inaelekea mpakani, kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni, usikiweke chini ya mizigo. Nguruka tulinunua samaki wa kukaanga dirishani. Uvinza chumvi, kama wasafiri walivyonunua hapo karne na karne. Mchana tukafika mwisho wa reli, na ziwa likawa palepale mbele ya stesheni, pana, la rangi ya bati. Milima ya Kongo sikuiona. Nikamuuliza dereva wa bajaji imekwenda wapi. "Ipo. Mwezi huu inajificha nyuma ya moshi."

Chumba, mtaa wa Mwanga, 20,000. Samaki aina ya mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, 7,000. Wa nyumbani nilipoeleza bei hiyo walidhani nakula hotelini. Ni banda la mabati, na ningelipa mara mbili.

Jambo moja la kukumbuka kwa wanaotoka mashariki: Kigoma jua linazama karibu saa moja kamili, si saa kumi na mbili na nusu. Giza la kweli unalipata saa mbili na robo. Nilifika Katonga mapema mno, bodaboda 6,000, nikakaa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, kusubiri.

Mpango wangu ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Agosti, ikifika saa sita usiku, Njia Nyeupe inakuwa imeinama magharibi na kusimama wima juu ya ziwa. Mbele maji, nyuma anga, hakuna mji, hakuna nguzo ya umeme. Nilichokuwa sikukiweka kwenye mpango ni wavuvi. Saa mbili usiku taa ya kwanza iliwaka majini. Saa tatu zilikuwa thelathini. Saa nne niliacha kuhesabu. Ziwa lote lilikuwa mji.

Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu kwa kugusa tu. Nikamwamkia, akaitika, akauliza nasubiri nani. Nikamwambia nasubiri giza.

"Nani kakwambia leo giza?"

"Programu ya simu, mzee."

"Mimi nimeambiwa na tumbo."

Akanieleza. Taa inavuta vidudu, vidudu vinavuta dagaa, na migebuka inawafuata dagaa. Mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja inashusha wavu katikati, taa juu yake, wanasubiri. Mbalamwezi ikiwepo, mwanga umetawanyika ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa yako. Kwa hiyo siku za mwezi mkubwa wanapumzika, na usiku wa giza wanatoka wote. Yaani mimi na wao tulikuwa tunaifuata kalenda ileile, na nilikuwa nimechagua usiku ambao kila mwenye taa yupo kazini.

"Ungekuja mwaka jana," akasema. Mwaka 2024 serikali ililifunga ziwa kwa uvuvi miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapumzike wazaliane. "Ziwa lilikuwa jeusi kama unavyotaka wewe. Tulikuwa tunalitazama tu."

Nilipiga hivyohivyo. Taa za siku hizi ni za sola, nyeupe, kali. Sekunde kumi na tano zinageuka mianzi ya mwanga kwenye maji na kula nusu ya picha. Dawa yake niliikumbuka kutoka harusini, pale dirisha linapomzidi bibi harusi: shika jalada la daftari mbele ya nusu ya chini ya lenzi, litikise taratibu, uliondoe sekunde tatu za mwisho. Anga inapata muda wake wote, maji yanapata sehemu moja ya tano. Fremu nane kati ya kumi zilionyesha jalada. Mbili zilikubali. Nilizitazama, nikaona moshi kwenye upeo, nikaona taa, nikaziandikia kwenye daftari neno moja: *zimeharibika*.

Kurudi mjini saa nane usiku, 10,000. Dereva aliningoja usiku kucha amelala juu ya pikipiki, hiyo ndiyo bei ya haki.

Jumapili, Agosti 24: Ujiji, kisha upepo

Mchana Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley. Livingstone alikuwa akipima nyota ili ajue yuko wapi duniani, lakini tarehe zilimshinda: Stanley aliandika walikutana Novemba 10, 1871, na daftari la Livingstone liko bado Oktoba. Kwa mtu ambaye saa ya kamera yake niligundua siku hiyohiyo imetangulia dakika ishirini, niliona tunafanana kidogo.

Jioni, kabla hata magharibi haijaadhiniwa, upepo wa kusi ulianza. Kwanza mchanga, halafu mabati, halafu ziwa lenyewe likaanza kunguruma. Nikapiga simu kwa dereva kuahirisha. Akasema, "Kaka, we si unataka giza? Leo hakuna anayetoka."

Nilifika Katonga mitumbwi yote iko mchangani, imefungwa. Hakuna taa hata moja majini. Upepo ulikuwa umefagia moshi, na kwa mara ya kwanza niliona ukingo wa milima ya Kongo, mweusi juu ya weusi. Stendi ilitikisika, nikaijazia mfuko wa mchanga nikauning'iniza katikati, na dereva akasimama upande wa upepo ametandaza koti la mvua kama pazia. Alisimama hivyo dakika arobaini, akilalamika baridi, bila kuondoka. Saa sita na nusu Njia Nyeupe ilisimama kama nilivyoichora. Nilipiga mpaka betri ya pili ikaisha. Upepo ulikuwa na faida nyingine: usiku uliotangulia lenzi ililoa umande kila nusu saa, usiku huu ilikuwa kavu.

Hatukulala. Saa kumi na moja na nusu kundi la nyota la Jabari lilikuwa juu ya vilima vya mashariki, Mshtarii chini yake, na Zuhura chini zaidi, nyeupe kama taa ya mvuvi. Wiki mbili nyuma, Agosti 12, sayari hizo mbili zilikaa karibu kiasi cha kufunikwa kwa kidole kimoja. Siku hiyo nilikuwa ukumbini, nasubiri keki ikatwe.

*Kwa atakayekwenda:* wanaokwambia kiangazi chote ni kizuri hawajaiona Agosti. Ningerudia safari hii, ningekwenda Juni, moto wa nyika haujashika kasi na hewa bado imeoshwa na mvua. Nge mwezi huo anakaa juu kwa muda mrefu zaidi pia.

Jumatatu, Agosti 25: Mwaloni

Kulipokucha nilikwenda kununua dagaa wa kurudi nao. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mchanga, vichanja vitupu, mabeseni yamefunikwa. "Mwakeye," nikawasalimu kwa Kiha changu cha siku mbili, wakacheka kidogo, wakaitika. Dagaa wapya hawakuwepo. Waliokuwepo ni wa juzi, na kilo niliyoulizia Jumamosi kwa 18,000 sasa ilikuwa 23,000. Sikubishana. Dada aliyenipimia aliniuliza kama jana nililala vizuri na upepo ule. Nikamwambia ulikuwa usiku mzuri sana, nikajutia neno kabla halijamaliza kutoka mdomoni. Alifunga mfuko, akanirudishia chenji.

Mzee wa wavu alikuwa palepale. Nikakaa naye, nikamwonyesha picha za usiku wa upepo, zile safi, nyota mpaka majini. Akapitisha mbili, tatu. "Hapa hakuna mtu," akasema. Akauliza za juzi ziko wapi. Nikatafuta zile mbili zilizoharibika.

Hapo akachukua kamera mikononi. Nilimwonyesha jinsi ya kukuza, akaanza kushoto. Huyu ni wa Kibirizi, amekuja mbali. Hawa wawili ni ndugu, hawasemezani lakini wanavua karibu. Hii ni ya mkwe wangu, ona ilivyo hafifu, nilimwambia betri yake imekufa. Njia Nyeupe yote ilikuwa juu ya kidole chake, na hakuigusa. Alipofika karibu na ukingo wa kulia alisimama kwenye nukta moja nyekundu, peke yake, juu kidogo ya nyingine.

"Na huyu? Huyu bado anatumia karabai."

Nikamwambia huyo si mvuvi, mzee. Hiyo ni Kalbi Akarabu, moyo wa Nge, nyota, ilikuwa inakaribia kuzama. Mwanga wake umetembea zaidi ya miaka mia tano kufika pale.

Aliitazama tena, akanirudishia kamera.

"Basi hajapata kitu."